Ulimi wa Usto Normurod

Usto Normurod aligundua kwa chai.

Pilau ya alfajiri ya harusi ya mtoto wa Kodirjon kinyozi ilikuwa imeshapakuliwa. Wanaume wa mtaa walikaa safu ndefu chini ya miaprikoti, sahani moja watu wawili, wanakula. Yeye, usto, yaani fundi wa sufuria, alisimama kando ya sufuria lake, kitambaa begani, kama ilivyo desturi ya mpishi, anawatazama. Mpishi aliyekomaa hatazami nyuso za walaji, maana nyuso zina adabu. Hutazama mikono. Siku hiyo mikono ilikuwa inakimbilia mabirika. Vijana wa kugawa chai hawakupata hata kukaa: birika linakwenda, linarudi tupu, linajazwa, linakwenda tena. Samova ikakauka, na bado mzee mmoja anagonga bakuli lake la chai akitaka kuongezewa.

Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mkono kifuani. "Mikono yako isiumwe, usto." "Pilau ya leo, we acha tu!" Na huku wanasifu, wanaramba midomo mikavu.

Walipokwisha, alikwangua ukoko chini ya sufuria akautia mdomoni. Mafuta ya mkia wa kondoo aliyasikia. Karoti aliisikia kwa mbali. Chumvi hakuisikia. Akachovya kidole kwenye mfuko wa chumvi yenyewe, akakilamba, akasubiri. Ilikuwa sawa na kulamba ukuta.

"La haula," alisema, akakaa juu ya gogo la kuni.

Si kwamba uzee ulimkuta amelala. Alikuwa anausubiri siku nyingi, kama unavyomsubiri mgeni usiyempenda: unajua anakuja, basi unaficha vyombo vizuri. Magoti yalipoanza kulia alijitengenezea kigoda cha kukalia mbele ya moto. Macho yalipofifia alinunua miwani. Mgongo ulipokataa kuinua sufuria, aliwapa vijana kazi hiyo. Hata karamu ya umri wa Mtume, ule wa miaka sitini na mitatu, walikuwa wamekwisha kumfanyia. Wakachinja kondoo, wakamvika joho jipya, wakamwambia sasa wewe ni mzee wetu, kaa upande wa juu mbali na mlango, waache wadogo wahangaike. Akashukuru, akalitundika joho ukutani, na kesho yake akaenda kupasua kuni. Lakini ulimi? Nani aliwahi kumwambia kwamba ulimi nao huzeeka? Angeambiwa, angejiandaa.

Alifika nyumbani amefura. Mkewe Oyniso alikuwa anakanda unga.

"Mama Dilshod, pilau yangu ina chumvi?"

"Kila pilau ina chumvi."

"Usinizungushe."

Oyniso akapangusa mikono. "Tangu majira ya baridi unamwaga chumvi kwenye supu yangu kama mtu anayelisha mifugo. Nikasema haya, mzee ana hamu zake."

"Na pilau ya leo?"

"Ya leo ilipoletwa upande wa wanawake, tuliisuuza."

"Mliisuuza?"

"Tuliimwagia maji, tukachuja, tukala. Ilikuwa nzuri ikishasuuzwa."

Usto Normurod alishika kichwa. "Mtaa mzima unajua, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo!"

"Nani afungue? Yule aliyekwambia mwaka ule kwamba mafuta yamezidi hamjasalimiana mpaka leo."

"Yule alikuwa mwongo!"

"Yule alikuwa kaka yangu." Akarudi kwenye unga wake. "Acha sasa, baba Dilshod. Umeshakula chumvi nyingi, usitake kuwalisha na wenzako kwa nguvu. Vaa joho lako ukae. Abdusattor yupo, mwanafunzi wako mwenyewe, anapika vizuri."

"Sikai."

"Utakaa tu."

"Sikai, nimesema! Nina pilau ya Mirzovali."

Hapo Oyniso aliufunika unga, asibishane tena. Mirzovali alikuwa rafiki wa Normurod wa kufa na kuzikana. Walijifunza kupika pamoja, wakaunguzwa na mafuta yale yale. Kabla hajafa alimshika Normurod mkono akamwambia: mwanangu Sayfiddin akioa, pilau yake uipike wewe, si mtu mwingine. Normurod akaapa. Na sasa Sayfiddin alikuwa anaoa mwishoni mwa mavuno. Kijana hana baba, na watu mia nne wangekuja kula. Pale Konibodom, mji wao, harusi husahauliwa, mahari husahauliwa, hata bibi harusi alivaa nini husahauliwa, lakini pilau iliyoharibika haisahauliki. Wajukuu wa Sayfiddin wangekuja kuitwa wale wa pilau ya chumvi.

Siku chache baadaye Abdusattor mwenyewe akabisha hodi. Mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mpole, amebeba peremende na joho la pili. Alikaa, akanywa chai, akaulizia afya ya mbuzi, ya miti, ya kila kitu. Mwishowe akasema, "Usto, tumefikiri, kwenye harusi ya Sayfiddin wewe uje ukae mbele. Ubariki sufuria, basi. Sisi watoto wako tutahangaika na moshi."

"Kwa nini?"

"Ni heshima, usto."

"Abdusattor, nitazame usoni. Pilau yangu ina kasoro gani?"

"Astaghfirullahi! Kasoro? Mikono yako ni dhahabu."

Usto Normurod alimtazama mwanafunzi wake aliyemfundisha kushika kisu, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Hakukasirishwa na kutaka kuondolewa. Alikasirishwa na ile dhahabu. Mji mzima ulikuwa umemvika kilemba cha ukoka, na yeye anatembea nacho barabarani kifua mbele.

Akafunga kibwebwe. Kama ulimi wake umekufa, atatafuta wa kuazima. Alipika pilau kidogo nyumbani, akaitia chumvi konzi nzima makusudi, kiasi ambacho hata ng'ombe angeguna, akaibeba mpaka kwenye nyumba ya chai wanakokaa wazee wenzake. "Onjeni," alisema. "Nimejaribu mchele mpya."

Mzee Hoshimboy, mkubwa wao wote, alitafuna, akasita kutafuna, akaanza tena. Macho yakamjaa machozi. "Mashallah," alisema kwa shida. "Imenikumbusha ya zamani." Kodirjon kinyozi alimeza akafumba macho kama anayemeza dawa, akainua kidole gumba. Wa tatu akaomba aandaliwe ya kwenda nayo nyumbani. Waongo watupu! Tena waongo wa kupendeza, ndilo lililomuuma. Wangekunywa sumu kwa heshima, wakamshukuru.

Aliyobaki akairudisha nyumbani, akampa mkamwana wake.

Gulsifat alikuwa na mwaka na nusu katika nyumba ile, ametoka vijiji vya milimani upande wa Asht. Mumewe, Dilshod, alikuwa Urusi anajenga maghorofa. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini kama mkamwana anavyotakiwa, anainama asubuhi, anafagia uani kabla jua halijatoka, na babamkwe wake hakuwa na hakika kama aliwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Gulsifat alichota, akala, akameza. Hakusema kitu. Akaweka sahani chini, akatazama zulia.

Usto alingoja sifa. Hazikuja.

"Mbona umenyamaza?"

"Sijui niseme nini, baba."

"Wenzako wote wamejua la kusema."

Akazidi kutazama zulia. Na Usto Normurod akajikuta anatabasamu peke yake kama mwehu, maana alikuwa amezunguka mji mzima na hapo tu, ndani ya nyumba yake, ndipo alipompata mtu aliyeshindwa kudanganya.

"Kuanzia leo," alisema, "wewe ni ulimi wangu."

Oyniso aliposikia alipiga viganja kwa mshangao. "Makubwa haya! Mwanamke kwenye sufuria la harusi? Mbele ya wanaume?"

"Sufuria haliulizi."

"Watu wanauliza."

"Na waulize. Walipokuwa na la kuniambia walikaa kimya, sasa watapata la kusema."

Kila siku baada ya adhuhuri wakawa wanapika kwenye sufuria dogo uani. Alimwonyesha Gulsifat hatua yenyewe: mafuta, nyama, vitunguu, karoti, maji, jira, mchuzi uchemke. Hapo, kabla mchele haujaingia, ndipo chumvi inapoonjwa, na inatakiwa izidi kidogo tu ile ya kupendeza, kwa kuwa mchele utainywa. Ukishatia mchele umechelewa, imebaki kuomba Mungu.

Siku ya kwanza Gulsifat alionja, akasema kwa sauti ya kutoka kisimani, "Labda... kidogo... imezidi."

"Labda?" Usto aliwaka. "Kidogo? Mimi nimepika pilau tangu mama yako hajaolewa, unaniambia labda!"

Kijiko kikamponyoka Gulsifat. Siku mbili zilizofuata, kila alichoonjeshwa kilikuwa "safi, baba." Kikavu kilikuwa safi, cha chumvi kilikuwa safi, hata maji matupu yangekuwa safi.

Usto Normurod alikaa kwenye kigoda chake akavuta ndevu. Alijua kosa ni la nani. Kumpata mtu wa kusema kweli kumbe si kazi. Kazi ni kukaa kitako umwache aiseme. Mtu ukisifiwa miaka arobaini, masikio yanaota sugu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyejiona shujaa halafu akamtisha msichana kwa ajili ya kijiko cha mchuzi.

Asubuhi ya tatu alimimina chai yeye mwenyewe, akampelekea Gulsifat kwa mikono miwili. Babamkwe kumhudumia mkamwana! Oyniso, aliyekuwa mlangoni, nusura aangushe sinia la mikate.

"Mwanangu," alisema Usto, "nilikufokea kwa kusema kweli. Nisamehe. Mimi ni mkali, nimezaliwa hivi, na pengine nitafoka tena. Lakini nikikosea hii pilau, nimemwaibisha marehemu kaburini na mwanawe aliye hai. Nisaidie."

Gulsifat alipokea bakuli. Alikunywa kidogo, akalitazama. "Chai hii haijaiva, baba," alisema.

Usto alicheka mpaka akakohoa.

Alifoka tena, bila shaka. Alifoka wiki ile, akafoka na iliyofuata, na siku moja alirusha mwiko ukampata jogoo. Lakini sasa Gulsifat alikuwa anangoja upepo upite, halafu anarudia lile lile: imezidi. Au: bado. Au: imekaa, usiguse. Na mzee akajifunza kutia mkono kwenye mfuko wa chumvi au kuutoa kwa neno la mtu mwingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote.

Siku ya harusi, alfajiri, Usto alitokea uani kwa marehemu Mirzovali, Gulsifat nyuma yake kajifunga kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Wanaume waliokuwa wanachochea moto walisimama. Abdusattor alimvuta Usto pembeni.

"Usto, mkamwana kwenye sufuria? Watu watasema."

"Chochea moto."

Mafuta yakachemka, nyama ikaingia, vitunguu, karoti. Maji. Usto akatia chumvi. Mara Mzee Hoshimboy akaingia langoni na fimbo yake, ikabidi kumwamkia, kumuuliza hali, kumsikiliza habari za kifua chake. Usto aliporudi kwenye sufuria alikuta mfuko wa chumvi mkononi mwake, hakumbuki kama ametia. Akatia.

"Gulsifat. Onja."

Akaonja. Uso ukamkunjika. "Imezidi, baba."

Uwanja ulikuwa na wanaume kama thelathini, na kila mmoja alisikia. Abdusattor aliruka na kijiko chake, akaonja haraka, akageuka na tabasamu pana. "Iko sawasawa kabisa, usto! Safi!" Kodirjon naye akaonja. "Mashallah. Haina neno." Mwingine nyuma yake akasema mtoto wa milimani atajuaje pilau ya bondeni, watu wakacheka, na wakazidi kusifu, kila mmoja kwa zamu, kwa upendo, kwa huruma, wakimfunika mzee wao na sifa kama wanavyomfunika mgonjwa blanketi.

Usto Normurod alichota mwenyewe, akauzungusha mchuzi mdomoni. Hakuna kitu. Moto na mafuta. Upande huu walikuwa wanaume aliowajua tangu utotoni. Upande ule msichana mmoja, kitambaa mpaka kwenye nyusi.

"Rudia," alimwambia.

"Imezidi," alisema Gulsifat. "Umetia mara mbili, baba. Nilikuona."

Usto alimgeukia Abdusattor. "Apa. Apa kwa jina la Mungu kwamba iko sawasawa."

Abdusattor alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, na alivitazama kwa muda mrefu.

"Leteni ndoo," alisema Usto. Wakachota mchuzi nusu wakaumwaga kwenye ndoo, wakaongeza maji ya moto. Gulsifat akaonja. Bado imezidi. Wakachota tena. Akaonja, akafikiri, wanaume wote thelathini wanamtazama mdomo. "Sasa imekaa," alisema. Mchele ukaingia.

Watu mia nne wakala. Wakati sahani za mwisho zinapita, Usto Normurod akasimama mbele yao, jambo ambalo mpishi halifanyi, akavua kofia.

"Nisikilizeni. Mimi sisikii chumvi tena. Ulimi wangu umekufa tangu majira ya baridi. Mlikuwa mnajua, na mlinificha. Pilau ya leo imeonjwa na mkamwana wangu. Kama ni nzuri, mshukuruni yeye. Na siachi kupika."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mwishowe Mzee Hoshimboy akagonga fimbo chini. "Ile uliyotuletea nyumba ya chai," alisema, "nililala na ndoo ya maji kitandani." Kicheko kililipuka kama baruti. Mzee akangoja kitulie, akaongeza, taratibu, "Na mimi, kwa kuwa tumeanza, mwaka wa tatu huu simsikii imamu. Nainua mikono nikiona ninyi mmeinua." Jirani yake akasema yeye taa za barabarani anaona mbilimbili na bado anaendesha gari. Halafu Kodirjon kinyozi, kwa sauti ndogo, akasema mikono yake inatetemeka, tangu mwaka jana mwanawe anamshikilia kiwiko akinyoa ndevu. Wanaume kadhaa wakajishika koo kwa pamoja. Wakacheka tena, lakini safari hii walicheka wakitazamana, wazee kwa wazee, na Sayfiddin bwana harusi alikuja akambusu Usto mkono, machozi yanamtoka. Usto Normurod alijisikia mwepesi kuliko alivyojisikia miaka mingi.

Alasiri walikuwa nyumbani, yeye na Gulsifat, wanasugua sufuria kwa majivu. Usto alikuwa na furaha, anapanga kwa sauti: Ijumaa kuna pilau ya tohara mtaa wa juu, watu mia tatu, baada ya hapo ya mwalimu, wataenda wote wawili, na atakayeguna na agune.

"Baba, nina neno," alisema Gulsifat.

"Sema."

"Nataka kumfuata Dilshod." Aliendelea kusugua. "Mwaka na nusu nimeolewa na simu. Ninyi hamjanikosea kitu. Lakini mume wangu yuko Urusi na mimi niko hapa, na sitaki kuzeeka hivi."

Damu ilimpanda Usto kichwani. Katika nyumba ile mke wa mwana hubaki na wazee, ndivyo ilivyokuwa kwa baba yake na babu yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Dilshod: wewe nenda, mkeo anabaki. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Huna shukrani. Nimekusimamisha mbele ya wanaume wa mji mzima. Leo, leo hii hii, unaniambia hivi! Alifungua kinywa. Gulsifat alikuwa ameacha kusugua, majivu mpaka viwikoni, anamtazama usoni, anangoja, na wala hakuinamisha macho.

"Na mimi nani atanionjea?" Yalitoka hayo, si yale mengine.

Gulsifat angeweza kumwambia mama atakuonjea. Angeweza kumwambia Abdusattor amejifunza. Usto alitamani aambiwe hivyo, alitamani kama mtoto.

"Sijui, baba," alisema Gulsifat.

Iliuma. Aliinama juu ya sufuria, akalitazama bila kuliona, mpaka ile hasira ikashuka ikabaki huzuni peke yake. Huzuni aliiweza.

"Mama Dilshod!" aliita. "Mpigie mwanao simu. Mwambie atafute chumba kizuri, chenye joto. Mkewe anakuja."

Oyniso alitokea jikoni, unga mikononi. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Anakwenda? Na wewe utafanyaje?"

"Mimi nina pilau Ijumaa," alisema Usto Normurod, akachota majivu mengine, akaendelea kusugua.